Toc-toc ya Galerie ya Nne

Bagira, tarehe 2 Juni 2025

Objet: Kupokea mashini, pamoja na ombi

Joviale mutoto wangu,

Mashini yako, hiyo kompyuta, imefika. Willy uliyemutuma aliileta mwenyewe mpaka mulangoni, ameifunga ndani ya blanketi kama mutoto muchanga, akanieleza namna walivyomusumbua pale Kamembe mbele ya kuvuka. Aksanti sana. Iko nyepesi mpaka ninaogopa kuacha dirisha wazi. Zile za kwetu za biro, kuinua moja kulitaka wanaume wawili na sala.

Sasa neno lenyewe. Unamukumbuka Blanchard, tuliyekuwa naye ku kontabilite, yule alikuwa anakufichia biskwiti ndani ya droo? Siku hizi analima kule Walungu. Biro ilipofungwa alibeba diskete zote, na mwaka jana mutoto wake alizihamisha ndani ya klé USB, akaniletea. Mule ndani kuna mahesabu ya miaka ile yote, Mungu ayahurumie, na kuna Galerie, ule muchezo wetu. Ndiyo, ile ile! Bwana Taa wetu mwenyewe, na kofia yake, na mugodi wake, na yale mawe ya kijani tulikuwa tunamuokotesha wewe ukikaa juu ya magoti yangu.

Nilifinya mara mbili juu ya jina lake. Mashini ikajibu kwa Kifaransa safi: «Cette application ne peut pas s'exécuter sur votre PC.» Eti hawezi kutembea ndani yake. Mashini ya juzi inamufukuza Bwana Taa! Nikazima, nikawasha, nikaitukana kidogo kwa Mashi, lugha ya kwetu. Wapi.

Wewe umesomea mambo haya, uniambie nifanye nini. Jioni za hapa ni ndefu tangu mama yako alituacha, na redio nilimupa jirani, Maman Rosette.

Usinipigie simu juu ya hii. Niandikie. Mimi ninaandika hapa nyumbani, ninabeba barua ndani ya klé mpaka kwa sekretaria ya hapa chini, wao wanaituma, na majibu yako wananichapia. Juu ya karatasi njo ninasikia vizuri.

Papa yako,
Marcellin Cirhuza


Lubumbashi, 4 Juni 2025

Papa,

«Objet»! Hata mimi mutoto wako ninaandikiwa objet. Siku moja utanipigia na muhuri.

Nilicheka, kisha nikalia kidogo, ninakuambia kweli. Tangu mwezi wa tatu ninakupigia kila Jumapili, siku ya Mungu, kisha misa, simu inalia mpaka inachoka. Ninatuma mesaji, unajibu «Niko bien», basi. Ninajua ni juu ya maneno ya siku ile, niliposema uuze parsele ya Bagira, nyumba na kiwanja chake, uje kukaa kwangu. Ulisema ninataka kukuzika ukingali muzima, ukanikatia. Papa, sikusema vile kwa ubaya. Hapa chumba kiko tupu na mimi ninakula peke yangu, njo maana nilisema. Lakini kama hautaki, sitalitaja tena. Ninataka tu kusikia sauti yako, hata ukinigombeza.

Bon. Bwana Taa. Windows ya leo haimufukuzi, haisikii tu lugha yake. Yeye anasema DOS, lugha ya wakati ule, na mashini za sasa zimeisahau kabisa. Dawa ni programu moja inaitwa DOSBox. Inajenga ndani ya mashini mpya kamashini kadogo ka zamani kenye kusikia ile lugha, na Bwana Taa anaingia mule akifikiri bado tuko ku biro. Ni ya bure. Omba wale wa sekretaria wakuwekee ndani ya klé. Faili zote za Galerie uziweke ndani ya dosye moja, uiite jeux, ku disk C. Kisha fungua DOSBox. Utaona dirisha nyeusi. Andika hivi, na kila mwisho wa mustari ufinye Entrée:

mount c c:\jeux
c:
galerie

Ni hiyo tu. Uniambie.

Joviale wako


Bagira, tarehe 11 Juni 2025

Objet: Kukataliwa

Mutoto wangu,

Nilifuata neno kwa neno. Dirisha nyeusi ilifunguka, nikaona kama Blanchard ataingia sasa hivi na makaratasi yake kwapani. Nikaandika mount. Mashini ikaandika ;ount. Nikafuta. Nikaandika tena polepole, kwa kidole kimoja, kama mutoto wa primaire. ;ount! Na ikanijibu kwa Kingereza kwamba amri hiyo ni haramu. Nikaiacha hiyo, nikaandika galerie. Ikaandika gqlerie. Sasa huyo gqlerie ni nani? Zile nukta mbili zinatoka moja. Ule mustari wa kulala hautoki hata kidogo.

Nimeshinda nayo asubuhi mbili. Mwisho nikaanza kufikiri kwamba hiyo DOSBox yako inanicheka.

Juu ya simu: sina hasira. Ilipita zamani. Lakini tuandikiane kwanza.

Papa yako,
M. Cirhuza


Lubumbashi, 13 Juni 2025

Papa,

Vaa miwani! Zile za kusomea, si zile za kwenda nazo misa. Niliijaribu mimi mwenyewe hapa biro, mustari kwa mustari, inatembea muzuri sana. M ni M, Papa. Kama unaona nukta na koma, ni kidole kimeteleza. Umri ni umri, hakuna haya ndani yake. Maman Rosette naye ana macho mazuri, umuite akuandikie.

Na kama hauna hasira, siku ya Mungu inua simu. Dakika moja tu.

Joviale


Bagira, tarehe 19 Juni 2025

Objet: Miwani

Mademoiselle,

Miwani ninayo. Vidole ninavyo. Nilipiga mashini maisha yangu yote ya kazi bila kuangalia herufi, na ni mimi niliyeweka vidole vyako juu ya klaviye, kimoja kimoja, wakati haujajua hata kufunga viatu. Nikifinya M, ni M nimefinya.

Nimeirudisha ndani ya blanketi ya Willy. Kama umri ndio ugonjwa, mashini si dawa yake.

Wako,
M. Cirhuza


Lubumbashi, 20 Juni 2025

Papa, nisamehe. Mujinga ni mimi.

Nilisoma barua yako hapa biro, nikaangalia vidole vyangu, kisha nikaangalia klaviye chini yake, nikashika kichwa. Huku mashini zote zinatoka Zambia na Afrika ya Kusini. Klaviye zao ni za Kingereza! Miaka hii yote vidole vyangu vimehama nyumba na mimi sikuona. Yako ni ya Kifaransa, na DOSBox haijui: inafikiri kila mutu duniani anaandika ku klaviye ya Waamerika. Wewe unafinya M, yenyewe inaangalia mahali pale pale kwa Waamerika, inakuta nukta na koma. Unafinya A, inakuta Q. Haukukosea hata herufi moja, Papa. Ulikuwa unaandika vizuri, ni yeye alikuwa anasoma vibaya.

Basi, mbele ya yote, andika hii:

keyb fr

Uangalie: hizo herufi zote ziko mahali pamoja, kwa Wafaransa na kwa Waamerika. Ni kama mutu mumoja wa huruma aliona kwamba wewe utakwama pale, akakuachia mulango. Kisha rudilia yale mengine. Na Bwana Taa akikimbia sana, kwa sababu mashini za sasa zina mbio, shika Ctrl na F11 mara kadhaa, atapoa.

Mutoe ndani ya blanketi, tafazali. Nilisema ni umri. Ninaona haya.

Joviale wako mukosefu


Bagira, tarehe 28 Juni 2025

Objet: ANATEMBEA

Joviale! Joviale!

Anatembea! Niliandika keyb fr, nikaandika mount na m yake, nikaandika galerie na a yake, nikafunga macho, nikafungua, na yeye huyu! Kofia ileile. Ile taa mukononi. Ule mwendo wake wa mutu mwenye kiatu kinachomubana. Nilipiga kelele mpaka Maman Rosette akaja mbio na mwiko wa ugali mukononi. Aliniuliza mambo mengi, nikamuonyesha tu kioo cha mashini. Akatikisa kichwa, akarudi ku ugali wake.

Mwanzo alikuwa anakimbia kama mwizi wa kuku. Nikashika Ctrl na F11, akapoa, akawa mutu wa heshima. Galerie ya kwanza nikapita, ya pili, ya tatu, vidole vinajua vyenyewe. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu matanga ya mama yako. Nikageuka nikuambie kitu, Joviale. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Kasoro ni moja. Galerie ya nne ninakufa. Ninatembea salama salimini na jiwe linamushukia kichwani bila habari yoyote. Unakumbuka mimi nilikuwa ninamaliza galerie zote kumi na mbili huku ninakunywa chai. Sasa ninakufa pale pale, kila mara. Labda mutoto wa Blanchard alihamisha vibaya.

Pokea aksanti yangu kubwa.

Papa yako


Lubumbashi, 1 Julai 2025

Papa, kufa ku galerie ya nne? Wewe? Mimi nilidanganya darasa lote la pale Nyawera kwamba papa yangu ni bingwa!

Mutoto wa Blanchard hana kosa. Umesahau tu. Galerie tatu za kwanza, mawe yanatikisika mbele ya kuanguka, macho yanatosha. Kuanzia ya nne hayatikisiki tena. Kunabaki ile toc-toc. Toc-toc inalia, Bwana Taa anasimama, na akisimama hakuna jiwe linamugusa. Ikinyamaza, anatembea. Mimi nilikuwa ninafunga macho juu ya magoti yako nisione akifa, ninasema tu: «Papa, toc-toc! Papa, enda!» Ile njo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa ninajiona mukubwa kuliko direkta.

Donc, sauti haitoki kwako. Hiyo ni kazi rahisi. Ku pembe ya chini ya kioo, mukono wa kuume, kuna kapicha ka baragumu: ukapandishe mpaka 100. Kisha ndani ya faili ya mipango ya DOSBox, tafuta mustari wenye pcspeaker, ukute imeandikwa true. Ufunge, ufungue tena. Utasikia.

Siku ya Mungu nilipiga tena. Sisemi kitu, ninakuambia tu kwamba nilipiga.

Joviale


Bagira, tarehe 9 Julai 2025

Objet: Sauti

Mutoto wangu,

Nilifanya yote. Baragumu iko ku 100. Mustari umeandikwa true, wale wa sekretaria walinisaidia kuutafuta. Sauti hakuna.

Nikasema labda ni bafle za ndani, zile za kutoa sauti, zimekufa. Nikapanda mpaka Kadutu, sokoni, nikanunua bafle mbili za nje. Muuzaji alizijaribu mbele yangu. Niliona watu wanageuka, mama mumoja wa ndizi akaanza kucheza kiuno palepale na beseni juu ya kichwa, nikajua ni nzuri. Nimezifunga ku mashini, taa yake ya buluu inawaka. Bwana Taa anakufa kimya vilevile.

Usijichokeshe sana na hii. Galerie tatu zinanitosha.

Papa yako


Lubumbashi, 11 Julai 2025

Papa, hapana, tatu hazitoshi. Ninaijua sauti yako ya mutu anayeachilia, hata juu ya karatasi.

Nimeuliza wenzangu wote hapa biro. Nimegombana na Willy, nikamuambia aliangusha mashini njiani. Ameapa kwa mama yake, kisha akakata simu, sasa nina watu wawili wasionisemesha. Nimefungua DOSBox hapa kwangu, nikaiharibu kwa makusudi kwa kila njia, nione gani inanyamazisha toc-toc. Hakuna inayofanana na ya kwako. Kama bafle zinacheza muziki kule Kadutu, na taa inawaka, na true imeandikwa, lazima ilie! Kuna kitu hauniambii. Labda kuna kingine umefinya unaogopa nitasema tena miwani. Sitasema. Niambie tu.

Kama ungeinua simu dakika tano, ungeiweka karibu ya bafle, ningesikia mimi mwenyewe.

Joviale


Bagira, 15 Julai 2025

Kwa dada Joviale,

Ni mie Maman Rosette, jirani ya papa yako. Adresi yako nimeipata kwa ule musichana wa sekretaria, unisamehe. Hatuna ubaya na muzee, ni mutu wa heshima, hata redio yake alitupatia bila kuomba kitu. Lakini iko na mashini yenye kupiga toc-toc-toc, anaanza asubuhi mpaka saa ya kula, na tangu alileta ile mabafle ya Kadutu parsele yote iko ndani ya toc-toc. Chorale yetu inarudiliaka nyimbo hapa kwangu Jumamosi, siku ya posho. Tumeshindwa.

Nilienda kumuambia kwa upole. Hodi, hodi, nikabisha mpaka mukono inauma. Nilimuona ku dirisha, amenipa mugongo, hakugeuka. Nikasema kumbe muzee ametukasirikia. Basi niliingia tu, nikasimama nyuma yake, nikaita Papa Marcellin! Hakushituka mpaka aliona sura yangu ndani ya kioo. Akanipa kiti, akacheka, akasema: «Rosette, hii mashini mubovu. Joviale anasema iko na toc-toc, lakini haisemi kitu.»

Na ilikuwa inasema, dada. Ilikuwa inasema mpaka mie nilifunga masikio.

Nikatoka, nikashuka kwa sekretaria. Sijue kama nimefanya vizuri kukuandikia.

Maman Rosette


Lubumbashi, 15 Julai 2025

Papa,

Tangu lini?

Joviale


Bagira, tarehe 29 Julai 2025

Joviale,

Barua hii haina objet. Nilijaribu kuandika moja, nikafuta.

Tangu mwezi wa tatu. Nilishikwa na malaria, ile kali. Waliniwekea perfusion ya kinini ndani ya mushipa, ikanisimamisha, ninawashukuru. Masikio yalianza kulia kama mashini ya kusaga unga. Kila mutu anajua kinini inafanya vile, nikangojea ipite. Ya watu inapita. Yangu, siku moja kelele ilikatika, na chini yake hamukuwa na kitu. Kitu cha mwisho nilichosikia ni kifuniko cha sufuria ya Rosette kilichoanguka ku sakafu ya sima. Sikujua kwamba ni cha mwisho. Ningekisikiliza vizuri zaidi.

Nilikuandikia kwamba juu ya karatasi njo ninasikia vizuri. Ulifikiri ninasema kusikia kwa maana ya kuelewa. Niliona ulifikiri vile, nikaacha.

Siku ya Mungu, kila mara, ninakaa na simu mukononi mbele haujapiga. Ninajua saa yako. Jina lako linawaka, JOVIALE, na simu inatetemeka ndani ya kiganja kama kifaranga. Ninaishika mpaka izime. Halafu ninaishika tena kidogo, labda utarudilia. Hakuna siku hata moja sikuwa pale. Uniamini juu ya hiyo, hata kama yale mengine nilikudanganya.

Galerie niliitafuta kwa sababu nilitaka kitu ambacho hakiombi masikio. Toc-toc nilikuwa nimeisahau, kweli kabisa. Niliposoma barua yako, nilijua palepale kwa nini ninakufa. Lakini uongo ulikuwa umekwisha kuanza kutembea, nikapanda nao mpaka Kadutu kuununulia bafle. Willy umuombe musamaha kwa niaba yangu.

Kwa nini sikusema? Ungesema: «Unaona, Papa? Mutu asiyesikia mulango wake, anakaaje peke yake?» Na ungekuwa na haki, na mimi sikutaka uwe na haki. Mama yako amelala hapa. Miaka yetu yote iko hapa. Niliogopa ungekuja kunibeba kama ile mashini, ndani ya blanketi.

Na niliogopa kitu kingine. Sauti yako ninayo bado kichwani, ile ya mutoto na ile ya sasa. Niliogopa nikikuambia, utaanza kuninyamazia.

Papa yako


Lubumbashi, 31 Julai 2025

Papa,

Nilitukana peke yangu ndani ya biro, wakanifungia mulango. Nimekukasirikia, nimekuhurumia, sijui nianze na gani. Miezi hii yote nilikuwa ninalala nikijua papa yangu amenikataa. Umewaza hiyo? Nilifikia kuogopa siku ya Mungu, nikawa ninapiga nikiomba usiinue, ili nisisikie ile hasira. Na wewe umeketi pale na simu kiganjani! Tulikuwa wawili, Papa, kila mutu ku mwisho wake wa waya, tunalia.

Nitakuja. Nimeomba konje, likizo ya kazi. Kavumu ndege haishuki, basi nitapita Kigali, kisha Kamembe, nivuke Ruzizi kwa miguu kama wengine. Nitakuwa kwako mbele ya Asomsio, sikukuu ya tarehe 15 Agosti. Usisafishe nyumba. Usinunue kuku. Usiniandikie barua ya kunikataza, maana sitaisoma.

Siku ya Mungu nitapiga kama kawaida. Uangalie tu. Nitarudilia mara nyingi.

Joviale wako


Bagira, tarehe 3 Septemba 2025

Objet: Ulizo moja

Joviale wangu,

Nimesoma kwamba umefika salama. Mungu apewe sifa. Wale wa sekretaria walinichapia barua yako kwa herufi kubwa, sijui ni nani aliwaambia kwamba macho nayo yamekufa.

Nyumba uliyoacha si ile uliyokuta. Nilikuwa nikifikiri kimya hiki ni cha masikio yangu. Kumbe hapana. Zile siku zote ulipokuwa hapa masikio yalikuwa yamekufa vilevile, na nyumba haikunyamaza hata mara moja. Ulikuwa unapita, mbao zinatetemeka chini ya miguu yangu, ninajua uko jikoni. Unafungua mulango, baridi inanigusa shingo, ninajua umerudi sokoni na utaanza kulalamika juu ya bei ya sombe. Tangu ulipovuka Ruzizi hakuna ubao unaotetemeka isipokuwa ule ninaokanyaga mwenyewe. Sikujua kama mutu anaweza kusikia upweke kwa miguu. Ninausikia.

Jana nilifungua Galerie. Tatu za kwanza nilipita. Ya nne nikaingia, nikakungojea. Uliona namna tulivyofanya: wewe umesimama nyuma ya kiti, mukono juu ya bega langu, toc-toc, unafinya, kimya, unaachilia. Tulifika mpaka ya kumi na moja, mimi nikalia mbele yako kama mutoto, na usimuambie mutu. Jana bega langu lilikuwa bega tu. Nikamusimamisha Bwana Taa karibu na ngazi, na nikakaa mbele yake mpaka chai ikapoa. Hakufa, maana alisimama. Lakini hakufika popote, na taa yake inawaka bure.

Haukusema neno moja juu ya mimi kuja Lubumbashi. Nilikungojea useme. Nilikuwa nimetayarisha jibu langu la hasira, zuri sana, na haukunipa nafasi ya kulitumia. Nimebaki nalo hapa, na nikilisoma peke yangu ninaona halina maana.

Parsele siuzi, hiyo uijue. Mudogo wa Maman Rosette anatafuta mahali pa kukaa na bwana wake, watanilindia nyumba. Na Rosette ameniandikia juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, na jina la Bikira Maria chini yake, kwamba kaburi la mama yako atalipalilia yeye mwenyewe mpaka siku nitakaporudi kulala pembeni.

Donc, ulizo langu ni hili. Kile chumba chako ulichosema kiko tupu, prise ya umeme iko upande gani? Ninataka kujua mashini itakaa wapi, na kama nyuma ya kiti kutabaki nafasi ya mutu kusimama.

Papa yako,
Marcellin